Mkwe Wangu Daktari Hakuniangalia

Nitaanza na mavi. Wale walioanza na heshima karibu wanizike, kwa hiyo mniwie radhi, mimi naanza na mavi, yaliyotoka membamba kama penseli na damu juu yake, asubuhi moja hapa mtaani Kapata, Kolwezi, mwanzoni mwa kiangazi chetu cha baridi. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na sikuwahi kuandika neno hilo ubaoni. Leo naliandika kwa ajili ya mama yeyote ambaye sasa hivi yuko chooni, ameangalia chini, na anataka kumwaga maji haraka na kunyamaza. Usimwage kwanza. Tazama vizuri, kisha nenda ukamwambie mtu ambaye hamli naye sahani moja.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi, akatuachia nyumba hii ya kampuni na binti mmoja, Mwadi. Mwadi aliolewa na Kabange, daktari katika hospitali moja kubwa mjini Kolwezi. Siku ya ndoa yao nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, maana nilijua nimepata mkwe na hospitali kwa mpigo mmoja. "Mkwe wangu daktari" nilikuwa nikilisema hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza. Majirani waliniletea miguu yao iliyovimba na matumbo ya watoto wao, mimi nampigia simu Mwadi, Mwadi anamwuliza mumewe, na kesho yake dawa inafika katika bahasha. Nilijiona mtu mkubwa mtaani. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikijivuna, najichukia.

Sisi ni Waluba wa kaskazini ya Katanga, na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Buko, yaani ukwe, ni kitu kizito. Kabange akija nyumbani kwangu hukaa barazani, uso barabarani kwenye malori ya shaba na vumbi lake, nami hukaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Tunasalimiana kwa kupiga makofi polepole. Hali chakula mbele yangu, hanipi kitu mkononi. Vijana wengi wameyaacha haya, lakini Kabange alilelewa na bibi yake kijijini na anayashika yote, na mimi nilimsifu kwa hilo mbele ya wenzangu kanisani. Hakuna aliyejiuliza, hata mimi mwalimu, kwamba mtu aliyekatazwa kunitazama usoni ataniangaliaje kule kwingine.

Damu ilipotoka siku ya tatu nilimwita Mwadi. Nilimwambia waziwazi, maana ni binti yangu.

"Natoka damu. Na kila saa ni kama nataka kuenda choo, nikienda, hakuna kitu, paka makamasi tu."

Mwadi alishika mdomo. "Mama, sasa mi ntamuambia bwana yangu namna gani? Kama mama buko anatoka damu ku matako?"

"Muambie vile unaweza."

Ndivyo nilivyosema, na maneno hayo nayabeba mpaka leo. Alimwambia vile alivyoweza. Baada ya siku mbili ilikuja bahasha yenye dawa za kupaka na vidonge vya kuingiza nyuma, na maelekezo: kula mboga, kunywa maji mengi, kukaa katika beseni la maji ya uvuguvugu. Nikakaa katika beseni. Kiangazi kizima, kwenye baridi ile ya asubuhi inayopasua midomo, mama mzima amekaa katika beseni la plastiki lililokuwa la kuogea watoto, anangoja damu ikome.

Haikukoma. Joto la mwezi wa kumi likaja, vumbi likashika mpaka kwenye ulimi, na mimi nikaanza kunuka. Sitaki kulainisha hapa. Nilinuka. Nilivaa vitambaa kama msichana, nikavifua mwenyewe nyuma ya nyumba, na bado kanisani nilichagua benchi la mwisho karibu na mlango. Siku moja mama mmoja mbele yangu aligeuka, akatazama chini ya kiti chake kama anatafuta panya aliyekufa. Nilitoka kabla ya komunyo. Nguo zilianza kuning'inia. Mwadi aliporipoti kwamba nakonda, jibu la mumewe lilirudi barazani, yeye mwenyewe akiwa amekaa kule na uso barabarani:

"Mama anakonda juu ya mawazo. Ile mambo ya ujane inachelewaka. Tutamupatia dawa ya kuongeza damu."

Nyuma ya pazia nilipiga makofi kushukuru. Huo ndio ujinga wangu, siwezi kumpa mtu mwingine.

Mvua zilipoanza nilichoka na bahasha. Siku moja sikumwambia mtu, nikapanda pikipiki mpaka mjini, kwenye hospitali ile ile, nikachukua namba yangu na kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa daktari mwingine. Nilikuwa nimekaa kati ya mchimbaji aliyefungwa mkono na mama mmoja mwenye kikohozi. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa mgonjwa kama wagonjwa, nina karatasi mkononi, na mbele yangu walibaki watu wawili. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu: damu, makamasi, miezi mitano.

Ndipo muuguzi mmoja akapita na trei, akasimama.

"Eh! Mama wa Dokta Kabange anakaa ku banki na batu bote? Apana, mama. Batatusema bibaya."

Nilimwambia niko sawa hapo nilipo. Hakusikia. Alinishika mkono kwa upole, akaninyang'anya namba yangu, watu wakakunja miguu yao nipite, mchimbaji akasema "pole, mama" kwa heshima, na kabla sijapata la kusema nilikuwa nimesimama katika ofisi ya mkwe wangu. Kabange aliruka kutoka kitini. Alipiga makofi, akainamisha kichwa, akaketi akinipa ubavu na kuanza kuzungumza na kalenda iliyokuwa ukutani.

"Mama amelala muzuri?"

"Nimelala."

"Na ile shida ya Mwadi alisema?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, yeye ana mikono miwili na sabuni na glavu. Ulimi ulikataa. Nilisema, "Inaendelea kidogo." Aliandika karatasi, akaiweka pembeni mwa meza ili asinipe mkononi, nikaiokota. Yule muuguzi alinitoa kwa mlango wa nyuma na kunipa soda baridi. Nilikunywa soda ile nje chini ya mabati, mvua inapiga, na nilitapika yote pale pale. Karatasi ilikuwa na dawa ya kupaka ile ile.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda hospitali nyingine. Nilimwuliza Mwadi, akalia. "Mama, baganga bote banajuana. Batasema hata mama buko yake anakimbia dawa yake." Na mimi sikutaka kuvunja nyumba ya mtoto. Kwa hiyo niliivunja yangu, mwili huu, mpaka uyoga ukatoka na kuisha, mpaka mahindi mabichi yakaanza kuuzwa kando ya barabara.

Dada yangu mdogo, Ngoie, anaishi Mutshatsha, ana shamba na anauza makaa. Nilikwenda kwake kwa gari la wafanyabiashara waliokuwa wakielekea Dilolo, nimekalia mito miwili, na kila shimo la njia nililihisi mpaka kwenye meno. Ngoie hakupiga makofi. Alininusa, ndiyo, alininusa pale mlangoni, akasema, "Dada, unaoza." Kesho yake alinipeleka kwenye kituo kidogo cha afya, chumba kimoja, ambako muuguzi mzee mwenye sandali za plastiki alikuwa akitibu watu wote, kuanzia malaria mpaka kuzaa. Hakunijua. Hakujua nina mkwe gani. Aliniuliza maneno machache, akavaa glavu.

"Mama, lala kwa upande. Nitaingiza kidole. Itakuwa bibaya kidogo, lakini itapita mbio."

Ilikuwa vibaya. Mwanaume nisiyemjua, mlango uliofungwa kwa kamba. Nilihesabu mbao za dari na sikuzimaliza. Alitoa kidole, akatazama glavu yenye damu, akanawa mikono polepole mno. Kisha akavuta kiti, akaketi mahali ninapoweza kumwona uso.

"Iko kintu mule, mama. Kigumu. Mi si munganga mukubwa, lakini kile si bawasiri. Nani alikuangaliaka mbele yangu?"

"Hakuna mutu."

"Miezi ngapi?"

"Minane."

Aliandika barua kwenda Lubumbashi, akanipa mkononi, mkono kwa mkono. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe na hasira ikanijia, mbaya kuliko maumivu. Kidole kimoja. Kama angenichinja mtu kwa kisu ningemwelewa, lakini mimi nilikuwa nikifa kwa adabu.

Nikarudi Kolwezi na jina la kansa kabla hata ya vipimo, maana barua ilisema "tunashuku". Familia ikakaa. Mdogo wa marehemu mume wangu, tata Kasongo, ndiye aliyeongoza, tumbo mbele. Kabange alikuwa barazani, mimi nyuma ya pazia langu, Mwadi katikati kwenye mlango kama kawaida, mja mzito wa miezi michache, akipokea maneno huku na kuyapitisha kule. Nilidhani wamekuja kunisikitikia.

"Mama Mwadi," tata Kasongo alisema, "muko, bwana ya mutoto, hawezi kuangalia mama buko. Kabange alifanya vile batu benye kulelewa banafanya. Lakini we, uko na munganga mu nyumba, unaenda kuvula nguo mbele ya mutu wa barabara. Umemupatisha haya. Inaomba kuku mbili, umutengenezee roho."

Kuku. Mimi naoza, na wanatafuta kuku wa kutengeneza roho ya daktari. Nilicheka, na kicheko kilisukuma uchafu kwenye kitambaa, nikabaki nimekaa juu yake, nikiwasikiliza.

Halafu Kabange akasema neno lake. Alisema kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu, na naamini alimaanisha wema. Alisema Lubumbashi ni mbali, ataniopereta yeye mwenyewe hapa Kolwezi. Mwadi alilipitisha neno na kuongeza la kwake ili kunituliza.

"Mama, usiogope haya. Mu sale, mu chumba ya kupasulia, banafunikaka mutu mwili yote na bitambaa, na uso. Inabakia paka fasi ya kupasua tu. Hataona kama ni mama."

Hataona kama ni mama. Miezi minane hakuona kama ni mgonjwa kwa sababu ni mama, na sasa atanipasua kwa sharti kwamba nisiwe mama. Nilifungua pazia. Nilisimama mlangoni, nikamtazama mkwe wangu kisogoni, maana alikuwa amekwisha kugeuka, na nikasema mbele ya wote kwamba kisu chake hakitanigusa, wala vidonge vyake, wala bahasha zake, na kuku wao wawale wenyewe. Mwadi alinitazama kama nimempiga kofi. Aliondoka na mumewe na hakunipigia simu mpaka nilipokuwa nimelala kitandani Lubumbashi.

Nilikwenda na Ngoie. Sitasimulia mashine na majina ya dawa, kila mtu ataambiwa yake. Nitawaambia kuhusu kungoja. Ukumbi wa hospitali ya Lubumbashi una mabenchi ya saruji, na ukifika saa kumi na mbili asubuhi unakuta wamekwisha kukaa. Pale hakuna anayekutoa kwenye mstari. Nilipenda mabenchi yale. Daktari wa pale, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliniangalia bila kuniomba radhi na bila kunidharau, akaniuliza mambo ambayo sijawahi kumwambia hata marehemu mume wangu, na mimi nikajibu yote. Nikashangaa jinsi ulimi ulivyo mwepesi mbele ya mtu asiyekuita mama buko.

Walinipasua mvua zikiwa zinaisha. Waliondoa kitu kile na mlango wenyewe wa haja, wakapashona moja kwa moja. Sasa natolea choo tumboni, upande wa kushoto, kupitia kidude chekundu chenye unyevu kama mdomo wa mtoto, na juu yake kunabandikwa mfuko wanaouita poshi. Walisema wangekata utumbo mfupi kuliko ule kama ningewahi, pengine mlango ungebaki. Walisema pengine. Neno hilo silipendi hata kidogo.

Mara ya kwanza nilipoona poshi imejaa na imevimba kwa hewa, nilifunika uso kwa mto. Kilinung'unika, kidude kile, wakati padre akinipaka mafuta. Ngoie ndiye aliyejifunza kukiosha kwanza, huku akikisemesha kama anavyowasemesha mbuzi wake: "Leo umekula nini, we mulafi?" Aliponichekesha, kilitoa hewa, tukacheka zaidi. Hiyo ni rehema moja, naiandika.

Siku ya nne Mwadi akaja, tumbo limeanza kuonekana, na termos ya uji. Alisimama mlangoni mwa wodi. Nikamwambia, "Kuya uone." Alisogea, akaona, akakimbia nje kutapika. Akarudi na kufuta mdomo, akaketi kitandani.

"Mama, siku ile sikumuambia damu," alisema. "Nilimuambia mama eko na bawasiri. Yeye hakuuliza, na mi nikafurahi asiulize."

Nilitaka kumlaani. Nilikuwa dhaifu mno, na uji ulikuwa na karanga vile ninavyopenda. Nikanywa. Hatukusameheana siku ile, tulikunywa uji tu.

Kiangazi kizima kilikuwa cha serumu, dawa ya kansa ya kutundikwa kwa chupa: kila wiki tatu basi la kwenda Lubumbashi, sindano, vidole vya mikono vikiwaka nikigusa maji baridi, ladha ya sarafu mdomoni. Nilijifunza kupanda basi nikiwa sijala tangu jana yake, ili poshi isinipatishe haya kati ya watu. Walipoacha kunitundikia chupa joto lilikuwa limerudi, na daktari mwenye miwani alisema nirudi kila baada ya miezi mitatu aniangalie. Mpaka leo naenda, na mpaka leo hajaona kitu kipya.

Mvua zilipokolea, Mwadi alikuwa amejifungua, na mtoto akabatizwa. Nilikwenda kwa karamu nyumbani kwao. Nilikuwa sijakutana na Kabange tangu siku ya pazia. Sebule ilijaa wageni wa kanisa, yeye akahamia kwenye kijia cha kwenda chumba cha kuogea, ili asipite mbele yangu. Waliponiletea mjukuu niliinama kumpokea, na poshi ikabanduka. Nilihisi joto linashuka ubavuni, halafu harufu ikapanda. Wageni wote wakaanza kutazama sahani zao. Hakuna aliyeziba pua, watu wa adabu kweli. Niliwachukia wote kwa usawa.

Nilimrudisha mtoto na kwenda kwenye chumba cha kuogea nikishika kitenge kwa mikono miwili. Mwadi alikuwa nje anawasindikiza mapadre. Ngoie yuko Mutshatsha. Kwenye kijia alikuwa amesimama Kabange peke yake, na aliponiona akafanya alichofundishwa: akageukia ukuta, akainamisha kichwa.

Kinyesi kilikuwa kimefika mguuni. Siwezi kuinama vizuri, kovu linavuta. Nilitazama kisogo kile.

"Geuka," nilisema.

Hakugeuka. "Mama, nimuite Mwadi."

"Kabange. Geuka uniangalie."

Aligeuka polepole, kwanza macho yakiwa sakafuni, akaona matone pale, akayafuata mpaka kwenye kitenge. Nikakifungua. Nilimwonyesha tumbo, kovu, kidude chekundu kikifanya kazi yake bila haya. Aliangalia. Sikumwonea huruma, nilingoja tu aangalie mpaka mwisho. Kisha alikunja mikono ya shati lake jeupe la ubatizo, akaleta beseni, akapiga magoti kwenye saruji na kunisafisha, mguu kwanza, halafu ubavu, halafu kuzunguka kidude, taratibu, kama mtu anayejua kazi. Alijua kazi. Siku zote alikuwa anaijua, na hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko maji ya beseni.

Alipokausha ngozi aliona wekundu pembezoni. Vidole vyake vikaupapasa, na sauti yake ikawa ile ya ofisini.

"Hapa inaanza kuwaka, mama. Kesho ntatuma dawa ya—"

Nilimshika mkono nikauondoa.

"Dawa itaandikwa na munganga yangu. We leta mayi ingine, hii imechafuka."

Akachukua beseni, akaenda kuleta.